Faru Asiyeonekana

Hotuba kwa wanafunzi wa sekondari, Karatu, Siku ya Faru Duniani, Septemba 22

Marahaba, wanangu. Marahaba. Kaeni.

Mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazee wenzangu mliotoka vijijini, itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika ishirini na mwalimu wa zamu ameshanionyesha saa yake mara mbili, kwa hiyo salamu ndefu tuziache.

Kila mwaka siku kama ya leo huwa nawasimulia faru wetu, wa huku Kreta ya Ngorongoro. Mmenisikia mpaka mmechoka, hasa wa kidato cha nne. Leo nitawavusha Bahari ya Hindi. Nataka kuwaeleza habari za faru wawili ambao sijawahi kuwaona, na hata nikipewa nauli na mwezi mzima wa kukaa huko, huenda nikarudi bila kuwaona. Hata askari wanaoulinda msitu wao huwaona kwa nadra. Wanachokutana nacho ni nyayo, mavi, na tope lililopakwa kwenye mashina ya miti.

Aina za faru duniani ni tano. Weusi na weupe ni wa Afrika, hao mnawajua. Tatu zilizobaki ni za Asia. Faru wa India anaishi kwenye majani marefu na mabwawa, na leo, wakihesabiwa pamoja na wa Nepal, wamepita 4,000. Yeye ana nafuu. Wawili wa mwisho, faru wa Java na faru wa Sumatra, ni wa msitu mnene, na hao ndio wangu leo.

Nianze na wa Java. Mjini ukisema kifaru, vijana wanafikiria lile gari la jeshi lenye mzinga. Sasa mtazame faru wa Java pichani utaelewa jina lilikotoka: ngozi yake ina mikunjo mikubwa begani na kiunoni, utadhani mabamba ya chuma yaliyopigwa ribiti. Pembe ni moja tu, fupi, kwa kawaida haifiki sentimita 25. Jike mara nyingi hana pembe kabisa, ana kivimbe tu juu ya pua. Zamani mnyama huyu alienea kutoka kaskazini mashariki mwa India mpaka Vietnam na visiwa vya Indonesia. Leo amebaki mahali pamoja duniani: rasi ya Ujung Kulon, ncha ya magharibi ya kisiwa cha Java.

Kwa nini pale? Jibu ni la ajabu. Mwezi Agosti 1883 mlima wa Krakatau ulilipuka katikati ya bahari, karibu na rasi hiyo. Mawimbi yakapanda pwani yakafagia vijiji. Waliokufa katika maafa yale, pande zote za mlango wa bahari ulio kati ya Java na Sumatra, walizidi 36,000. Ujung Kulon watu hawakurudi kulima. Msitu ukafunga. Faru waliokuwa wakifukuzwa kwingineko na mashamba na bunduki wakabaki na kona ile ambayo binadamu alikuwa ameiogopa. Yaani msiba wa watu ulikuwa ngome ya mnyama. Mwaka 1991 pakaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, kama Ngorongoro yetu.

Sasa hebu tuingie ndani, tena polepole. Msitu wa pale haufanani na migunga ya Lerai, huku Kreta, ambako ukisimama vizuri unaona mita hamsini. Pale mita tano ni nyingi. Faru anapita kwenye mapito aliyoyatoboa mwenyewe kwa kichwa, kama mahandaki ya majani. Anakula vichipukizi na matawi ya miti michanga, mahali penye mwanga kidogo, kwa mfano mti mkubwa ulipoanguka. Mti mchanga ukiwa mrefu anausukuma kwa kifua mpaka ulale, halafu anavuta majani kwa ule mdomo wake wa juu uliochongoka. Mdomo huo ni ndugu wa mdomo wa faru wetu mweusi, na kazi yake ni ileile.

Halafu tope. Mtu asiyejua faru anadhani kugaragara ni uvivu. Kwa faru wa msituni tope ni dawa ya joto na ngao ya wadudu. Bila dimbwi ngozi inapasuka. Anatafuta mahali palipotuama maji, analipanua kwa miguu, anarudi siku baada ya siku. Mkipata bahati ya kukuta dimbwi la faru, liangalieni vizuri: mahali pa kuingilia pamelainika kama sabuni kwa sababu ya tumbo, na majani ya kando yamepakwa tope kimo cha kiuno. Lishike tope hilo kwa kidole. Likiwa bado bichi, simama hapohapo na usiseme neno.

Ujung Kulon hakuna maeneo ya chumvi ambayo wanyama hulamba, kama wanavyopenda kufanya kwingine. Basi faru wale wameonekana wakishuka ufukweni na kunywa maji ya bahari. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Faru mnywa bahari!

Jambo jingine wafuatiliaji wa nyayo watalipenda. Faru mweusi akimaliza haja anapiga mavi kwa miguu ya nyuma, anayatawanya, na kila hatua anayopiga inaacha harufu yake. Ndiyo barua yake. Faru wa Java na wa Sumatra nao wana malundo ya mavi, lakini hawapigi teke. Wataalamu wanadhani ni kwa sababu ya unyevu: kwenye msitu unaonyeshewa hivyo, harufu iliyobebwa na miguu haifiki mbali. Wao wanatumia mikojo, mikwaruzo ya ardhini, na miti michanga waliyoipinda. Kumbukeni hilo la mavi. Nitarudi kwake, kwa aibu.

Msitu ulio mzito hivyo unamficha mnyama asionekane na adui. Ndivyo tulivyofundishwa, na ni kweli. Ila unamficha pia asionekane na mlinzi wake, na hapo ndipo habari inapobadilika.

Ujung Kulon wanahesabu faru kwa kamera zinazofungwa kwenye miti. Kitu chenye joto kikipita, kamera inajiwasha. Mtaalamu anakaa na picha, anamtambua kila mmoja kwa mikunjo ya ngozi, makovu, umbo la pembe. Kila faru ana jina na ukurasa wake. Miaka ilivyopita ndama wapya wakawa wanaonekana, na idadi ya serikali ikapanda, ikapita 70. Dunia ikapiga makofi. Hata mimi, kwenye jukwaa hilihili, nilipiga makofi.

Mwaka 2023 shirika moja la kiraia la hukohuko likasema: ngojeni, kuna faru ambao hawajapita mbele ya kamera yoyote kwa miaka kadhaa, mbona bado wamo kwenye hesabu? Mwaka 2024 polisi wakatangaza kwamba magenge mawili ya majangili yalikiri kuua faru 26 tangu mwaka 2019. Ishirini na sita! Kiongozi mmoja alifungwa miaka 12. Leo wanakadiriwa kuwa kama 50.

Fikirini hesabu hiyo. Theluthi ya faru wote wa Java duniani ilichinjwa ndani ya hifadhi yenye askari, yenye kamera, na kwa miaka minne daftari liliendelea kusomeka vizuri. Na kwa kuwa majike wengi hawana pembe, jangili anatafuta madume.

Mtu asimame hapa awacheke watu wa Indonesia? Mimi siwezi, na nitawaambia sababu.

Mwaka wangu wa pili katika kazi ya kulinda faru, katika pori ambalo sitalitaja, nilikabidhiwa daftari la faru. Kila faru na ukurasa: namba, jinsia, alama za masikio, umbo la pembe, na safu ya tarehe alizoonekana. Kulikuwa na dume mzee aliyependa kichaka cha korongo moja. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa, korongo limejaa, na mimi nikawa naishia ukingoni. Nakuta mavi yaliyotawanywa kwa miguu, mabichi kabisa, najisemea huyu ni mzee wangu. Naandika "yupo". Mwezi wa tatu, yupo. Wa nne, yupo. Wa tano, yupo. Mwezi wa sita maji yalipopungua tukashuka korongoni. Tukakuta fuvu, limeshapauka, na pale penye pembe pamepigwa shoka. Yale mavi yalikuwa ya dume mwingine aliyehamia baada ya mwenyeji kufa. Miezi mitatu nilikuwa nalinda marehemu, na mshahara napokea.

Hakuna aliyenifukuza. Mkubwa wangu alichukua kalamu nyekundu, akakata mistari mitatu, akanirudishia daftari bila neno. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo naposikia kwamba faru aliandikwa hai wakati pembe yake iko njiani kwenda sokoni, najua jinsi mkono unavyoandika neno hilo. Hauandiki kwa hila. Unaandika kwa uvivu kidogo, kwa matumaini kidogo, na kwa sababu msitu ni mzito.

Hapa kwetu, katikati ya miaka ya 1960, mtafiti aitwaye John Goddard aliwatambua faru wa Kreta mmoja mmoja, kwa pembe na masikio, akafikisha 108. Kufikia mwaka 1995 walikuwa wamebaki kati ya 11 na 14. Tulijua msiba ulikuwa mkubwa kiasi gani kwa sababu yuko mtu aliyewajua mmoja mmoja kabla. Na yule faru bibi yetu, Fausta, mnamkumbuka? Alionekana mara ya kwanza mwaka 1965 akiwa mtoto, akaandikwa. Akazeeka, macho yakafifia, fisi wakaanza kumjeruhi, akawekwa kwenye uzio na kutunzwa. Alikufa Desemba 27, 2019, anakadiriwa kuwa na miaka 57, na redio zote zilitangaza. Faru kufa kwa uzee! Wazee mlioko hapa mnajua hiyo ni habari ya namna gani. Katika miaka hiyohiyo ndipo wenzake wa Ujung Kulon walikuwa wanaanguka bila hata mtu kuuliza fulani yuko wapi.

Vietnam ilikuwa mbaya zaidi. Faru wa Java alidhaniwa ameshatoweka huko tangu vita, mpaka mwaka 1988 mwindaji alipompiga risasi jike mmoja. Ndivyo dunia ilivyojua wapo: kwa kuuawa. Pori lao, Cat Tien, likahifadhiwa. Mwaka 2009 na 2010 wakapita na mbwa wa kunusa, wakakusanya sampuli 22 za mavi, wakazipeleka maabara kupimwa vinasaba. Walitarajia kupata faru wachache. Majibu yakasema sampuli zote 22 ni za mnyama mmoja. Na mnyama huyo Aprili 2010 alikuwa ameshakutwa amekufa, risasi mguuni, pembe imekatwa. Mwaka 2011 wakatangaza kwamba Vietnam haina faru tena. Linganisheni na Sudan, dume wa mwisho wa faru weupe wa kaskazini, aliyekufa Ol Pejeta kule Kenya, Machi 2018: walinzi wake walikuwa kando yake na dunia nzima ilipata picha. Huyu wa Cat Tien naye alikuwa wa mwisho kwake, na siku aliyokufa hakuna anayeijua.

Kuhusu pembe nitapita haraka, mnalijua somo. Ni keratini, kama kucha yako. Asia imetumika kama dawa ya homa, na miaka ya karibuni ukazushwa uvumi Vietnam kwamba inaponya saratani. Watu wa pwani wanakumbuka upande mwingine: miaka ya 1970 pembe nyingi za Afrika Mashariki ziliishia Yemen, zikachongwa mipini ya majambia. Kenya ilikuwa na faru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970. Ndani ya miaka ishirini hivi wakashuka chini ya 400. Bei ya kuonekana mwanamume katika soko la mji wa Sanaa, kule Yemen, ililipwa Tsavo, Kenya. Basi.

Faru wa Sumatra ana habari tofauti, na ndiye ninayempenda zaidi, sitaficha. Ni mdogo kuliko faru wote, ana pembe mbili, na ana nywele. Ndiyo, nywele! Ndama wake ana manyoya mekundu-mekundu kama mbuzi. Kiukoo ni jamaa wa karibu wa yule faru mwenye manyoya wa zama za barafu aliyechorwa kwenye mapango ya Ulaya. Ninyi mnaosoma biolojia mtaelewa ni kitu gani kinatembea kwenye msitu ule.

Wanakadiriwa kuwa 34 hadi 47. Wanauawa kidogo siku hizi, si kwa sababu majangili wameokoka, wamepungua wa kuuawa. Tatizo lao kubwa sasa ni kutokukutana. Wawili huku, mmoja kule, katikati barabara, mashamba na milima. Na maumbile ya jike ni magumu: wataalamu waligundua kwamba hapevushi yai mpaka akutane na dume. Akikaa miaka mingi bila kuzaa, kizazi kinaota uvimbe. Malaysia walikuwa na jike wa mwisho, Iman, mwenye uvimbe wa namna hiyo. Dume wao, Tam, alikufa Mei 2019. Iman akamfuata Novemba mwaka uleule. Wakaisha.

Kuanzia mwaka 1984 walikamatwa faru wa Sumatra 40 kuwaokoa, wakapelekwa kwenye bustani za wanyama Indonesia, Malaysia, Uingereza na Marekani. Wengi walikufa. Walilishwa majani makavu kama ng'ombe wa zizini, wakati ni mnyama wa majani mabichi ya mti. Dume aitwaye Ipuh, kule Cincinnati, Marekani, alikuwa amelala anakata roho, mpaka wakamletea kwa ndege majani mabichi ya jamii ya mkuyu kutoka California. Akainuka akala. Mkuyu, wanangu! Ulioko hapo nyuma ya bweni.

Ipuh na jike Emi walikutanishwa. Mimba ya kwanza ikaharibika, ya pili, mpaka tano. Ya sita mtaalamu Terri Roth akampa Emi homoni ya kushikilia mimba, na Septemba 13, 2001 akazaliwa Andalas, wa kwanza kuzaliwa kizuizini kwa miaka 112. Mwaka 2007 Andalas akasafirishwa Sumatra, kwenye kituo kilichojengwa ndani ya msitu wa Way Kambas, akapewa mke, Ratu. Akazaliwa Andatu mwaka 2012, Delilah mwaka 2016. Mwaka 2022 jike Rosa, ambaye mimba zake nane zilikuwa zimeharibika, akajifungua salama. Baba ni Andatu, mjukuu wa Emi. Mwaka 2023 wakazaliwa wawili, mmoja wa Ratu, mmoja wa Delilah.

Msishangilie bado. Baba wa mtoto wa Delilah ni Harapan. Harapan ni mdogo wake Andalas, tumbo moja. Yaani ni baba mdogo wa Delilah.

(Minong'ono ukumbini.)

Naam, nawasikia. Kwetu wazee wangeitisha kikao na mbuzi angechinjwa. Wale waliokubali jambo hilo ni watu wenye elimu, wanajua hatari ya damu kurudiana. Walihesabu waliobaki, wakaona wakingoja mchumba kutoka nje huenda kizazi cha Delilah kikawa kama cha Iman. Mimi nisingependa kukaa kwenye kikao hicho. Na wachumba wa kutoka nje wapo, msituni, wale wachache waliobaki. Wanatafutwa. Wanafuatwa kwa nyayo na miti iliyopindwa, miezi na miezi, kwenye milima ambayo mita tano ni nyingi.

Mwalimu, naona saa. Namalizia na kitu kimoja, halafu mniulize maswali.

Faru huyu anaimba. Waliorekodi sauti yake waliifananisha na ya nyangumi. Kuna kilio kifupi anachokitoa karibu kila wakati, kama mtu anayejisemesha. Kuna ule wimbo mrefu. Na kuna mluzi unaofuatwa na pumzi kali, wenye nguvu kiasi kwamba inadhaniwa unapenya mbali ndani ya msitu, kumfikia mwenzake asiyemwona. Nina sauti hizo hapa kwenye simu, na mwalimu wa kompyuta ameniunganishia spika. Ni sekunde arobaini. Walioko nyuma, acheni kuburuta viti. Zima feni pia, tafadhali.

Sikilizeni ule mluzi, utakuja mwishoni.